Uhalisia wa Hu-: Njeo na Nafsi katika Uchoraji wa Sam Ntiro, Ukisomwa kutoka Nyanda za Juu Kusini

Ikisiri

Makala haya yanajadili iwapo uchoraji wa Sam Joseph Ntiro (1923–1993) unastahili kuitwa wa kihalisia. Hoja kuu ni kwamba picha zake zina uhalisia wa mazoea, si uhalisia wa tukio: zinafanya kwa rangi kile ambacho mofimu hu- inafanya katika kitenzi cha Kiswahili. Hoja hiyo inafafanuliwa kwa mchoro mmoja wa mwaka 1956, kisha inapimwa kwa mifano miwili ya Nyanda za Juu Kusini, yaani Rungwe mkoani Mbeya na Isimani mkoani Iringa. Makala yanahitimisha kuwa kasoro inayotajwa sana katika kazi za Ntiro imo zaidi katika namna zinavyosomwa.

1. Utangulizi

Sam Ntiro alizaliwa Machame, Kilimanjaro. Alisoma sanaa Makerere chini ya Margaret Trowell, akafundisha hapo, kisha akaendelea na masomo katika Slade School of Fine Art, London, kati ya 1952 na 1955. Baada ya uhuru wa Tanganyika aliiwakilisha nchi yake mjini London, na baadaye alifundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mchoro wake wa rangi za mafuta wa mwaka 1956, unaoonyesha wanaume wakimpelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, umo katika mkusanyo wa Museum of Modern Art, New York, tangu 1960. Ni wachoraji wachache wa kizazi chake katika Afrika Mashariki ambao kazi zao zilifika huko mapema hivyo.

Pamoja na sifa hiyo, hukumu mbili zinazopingana zimemwandama. Ya kwanza humwita mwanahalisia kwa sababu alichora kazi za watu: kulima, kuvuna kahawa, kujenga, kubeba mizigo. Ya pili humwona mchoraji wa kitoto, kwa kuwa watu wake ni wadogo, wanafanana, hawana nyuso za kutambulika, na umbali katika picha zake haufuati kanuni za jicho. Hukumu hizo zinatofautiana katika matokeo lakini zinatumia kipimo kimoja. Zote zinauliza kama picha inafanana na kitu kilichoonwa. Hapa inadaiwa kuwa kipimo hicho hakiifikii kazi yenyewe, na kwamba sarufi ya Kiswahili inatupatia kipimo kinachofaa zaidi.

2. Istilahi ya uhalisia

Katika uhakiki wetu, neno uhalisia limeshikamana na kauli kwamba fasihi ni kioo cha jamii. Kioo huonyesha kilicho mbele yake wakati huohuo. Hata hivyo, historia ya neno lenyewe inaelekea kwingine. Halisi limetokana na Kiarabu khalis, lenye maana ya kitu safi kisichochanganywa. Ndiyo maana tunasema dhahabu halisi. Ikhlasi, yaani unyofu wa nia, ni la mzizi huohuo. Neno hali, ambalo wanafunzi wengi hulihusisha na halisi kwa kuwa sauti zake zinakaribiana, lina mzizi mwingine kabisa.

Tofauti hii ina uzito kwa mhakiki. Tunaposema riwaya ya Kezilahabi Rosa Mistika (1971) ni ya kihalisia, tunamaanisha kwamba inaonyesha hali: jambo lilivyotokea, na uchafu wake wote. Lakini msanii anaweza pia kutafuta kilicho halisi kwa maana ya zamani, yaani kiini kinachobaki baada ya ajali za siku moja kuchujwa. Ntiro ni msanii wa aina hii ya pili. Anachora desturi iliyochujwa, na tukio la siku fulani halimo.

3. Mchoro unaozaliwa na neno

Namna Ntiro alivyofunzwa inaeleza sehemu ya jambo hili. Trowell, ambaye naye alikuwa amesoma Slade na kuathiriwa na ufundishaji wa Marion Richardson wa London, hakupenda kuanza na mtu au kitu kilichowekwa mbele ya darasa. Alisimulia mandhari au kisa kwa maneno, na wanafunzi wakachora kile walichokiona akilini. Kwa hiyo asili ya picha ilikuwa simulizi. Mwanafunzi wa njia hiyo hajifunzi kuuliza kitu kinaonekanaje kutoka hapa alipo. Anajifunza kuuliza jambo hili huwaje.

Ingewezekana kudai kwamba Ntiro hakujua njia nyingine. Tarehe zinakanusha dai hilo. Slade ilikuwa shule iliyosifika kwa mazoezi ya kuchora mwili wa binadamu kutokana na mtu aliyeketishwa mbele ya mchoraji. Ntiro alikaa huko miaka mitatu, na mchoro wa pombe ya ndizi aliutoa mwaka mmoja baada ya kurudi. Aliacha kanuni za jicho akiwa amekwisha kuzisoma. Huo ni uamuzi, na uhakiki hauna budi kuushughulikia kama uamuzi.

Kuna ushahidi mwingine ambao wasomaji wa Kiswahili wako katika nafasi nzuri ya kuutumia. Mwaka 1953, akiwa bado mwanafunzi wa Slade, Ntiro alichapisha kwa Kiswahili kitabu Desturi za Wachagga. Mchoraji na mwandishi wa desturi walikuwa mtu mmoja, katika miaka ileile, juu ya jamii ileile. Kitabu hicho kinadhoofisha pia dai kwamba alichora mazoea ili kuwaridhisha wanunuzi wa London na New York tu. Maelezo ya desturi kwa Kiswahili yaliandikwa kwa ajili ya wasomaji wa Afrika Mashariki.

4. Hu- na watu wasio na nyuso

Maelezo ya desturi kwa Kiswahili yana kitenzi chake. Tunasema: wanaume hupeleka mbege, bibi harusi husubiri. Mofimu hu- ina sifa tatu zinazotuhusu. Kwanza, haifungamani na siku yoyote. Haikubali kuandamana na -li- wala -ta- katika kitenzi kimoja. Pili, haibebi kiambishi nafsi. Mimi hupeleka, wewe hupeleka, wao hupeleka: kitenzi ni kilekile, na mtendaji asipotajwa nje ya kitenzi hatujui ni nani. Tatu, haina ukanushi wake yenyewe. Kinyume cha hupeleka ni hawapeleki, umbo lililoazimwa kutoka njeo nyingine, ambalo hulazimika kurudisha nafsi.

Tuurudie sasa mchoro wa 1956. Tumeambiwa ni usiku, lakini usiku gani hatuambiwi. Bibi harusi ametajwa katika anwani bila jina, kama upande ambao safari inaelekea. Wabebaji ni kundi. Hakuna uso mmoja unaotutazama au unaotofautiana na wenzake kiasi cha kutufanya tuulize alikuwa nani. Kinachorudiwa ni mwendo na mzigo. Msomaji wa Kiswahili anayetaka kuusimulia mchoro huu hataanza na walipeleka. Ataanza na hupeleka. Kutokuwapo kwa nyuso, ambako hukumu ya pili ilikuita udhaifu, kunalingana na kutokuwapo kwa kiambishi nafsi: ni sharti la aina ya kauli inayotolewa.

Ni kweli kwamba rangi hazina mofimu, na mlinganisho huu usivutwe kupita kiasi. Picha yoyote isiyo na tarehe haiwi ya hu- kwa sababu hiyo pekee. Picha ya mtu mmoja mwenye kovu na jicho lililovimba hudai tukio hata kama haina anwani. Hoja inasimama pale tu alama kadhaa zinapokutana: anwani ya jumla, nyuso zisizotofautishwa, kitendo kinachorudiwa na kundi, na kukosekana kwa ajali. Katika mchoro huu zote zimekutana.

5. Rungwe na Isimani

Uwezo wa hu- na mpaka wake huonekana vizuri zaidi picha inapoondolewa Machame na kusomwa mahali pengine. Rungwe, kama Machame, ni nchi ya mlima, mvua, migomba na kahawa. Msomaji wa Rungwe haoni ugeni katika picha ya watu wakipita migombani na vyombo vya pombe kuelekea kwenye sherehe. Kwa kuwa kitenzi hakina nafsi, anaweza kuingiza nafsi yake. Hiyo ni nguvu ya kweli ya Ntiro, na inaeleza jinsi picha za kijiji kimoja zilivyoweza kupokelewa kama picha za nchi. Hata hivyo Rungwe inatoa pia tahadhari. Kitabu cha Monica Wilson, Good Company (1951), kuhusu vijiji vya rika vya Wanyakyusa, kimeandikwa kwa kiasi kikubwa katika wakati wa mazoea, kutokana na utafiti wa miaka ya 1930. Anayekisoma leo kana kwamba vijiji hivyo vingalipo hakosewi na kitabu; anakosea njeo.

Isimani inaonyesha mpaka wenyewe. Eneo hili la mahindi liko kaskazini mwa mji wa Iringa, kwenye barabara iendayo Dodoma, na wakulima wenye uwezo walikuwa wamefungua mashamba makubwa hapo. Tarehe 25 Desemba 1971 Mkuu wa Mkoa wa Iringa, Dkt. Wilbert Klerruu, aliyekuwa akisimamia kwa bidii uanzishaji wa vijiji vya ujamaa, alipigwa risasi na kuuawa na mkulima Saidi Mwamwindi shambani kwa mkulima huyo. Mwamwindi alishtakiwa na kuhukumiwa kifo. Tukio hili haliwezi kusimuliwa kwa hu-. Lina siku, lina mahali, lina watu wawili wenye majina, na kiini chake ni mtu mmoja kusema hapana.

Ntiro hakudai kuchora Isimani, na si haki kumlaumu kwa kimya hicho. Lakini picha za kazi ya pamoja, za kwake na za wengine waliofuata mkondo huo, zimekuwa zikitumiwa kama vielelezo vya maisha ya ujamaa baada ya Azimio la Arusha la 1967. Zikitumiwa hivyo, kauli ya hu- inageuzwa kimyakimya kuwa kauli ya -li-. Watu hulima pamoja inasomwa kama watu walilima pamoja, na wale ambao hawakulima, au waliohamishwa kwa nguvu baada ya agizo la 1973, hawana pa kuonekana, kwa sababu umbo lenyewe halina ukanushi. Kazi hiyo ya kukanusha ilifanywa na riwaya. Gamba la Nyoka (1979) ya Kezilahabi inawapa wanavijiji majina, woga na ukaidi wao, na kuhama kwao kuna siku yake.

6. Hitimisho

Ntiro ni mwanahalisia, iwapo uhalisia utaruhusiwa kumaanisha kutafuta kilicho halisi katika mazoea ya watu. Si shahidi wa matukio, na hakuna mahali katika mchoro uliojadiliwa panapojifanya hivyo. Kwa wahakiki na walimu wa Kiswahili jambo hili lina matokeo ya vitendo. Kabla ya kuuliza kama picha, ngano au riwaya inasema kweli kuhusu kijiji, inafaa kubainisha inasema kwa njeo gani. Mwanafunzi wa Iringa anayeonyeshwa picha ya mavuno ya pamoja kama kielelezo cha mwaka 1971 ana haki ya kuuliza nani alikuwapo siku hiyo, na mwalimu wake hatapata jibu katika picha hiyo. Atalitafuta katika kumbukumbu za mahakama, katika riwaya, na kwa wazee wa Isimani ambao bado wanasimulia kwa -li-.