Mkombozi au kibaraka? Lugha ya magazeti ya TANU kuhusu vita vya Msumbiji

FRELIMO iliasisiwa Dar es Salaam mnamo Juni 1962, na Septemba 1964 ikaanza kupigana na Wareno kaskazini mwa Msumbiji. Watanzania wengi walizijua habari za vita hivyo kupitia magazeti ya chama tawala: Uhuru kwa Kiswahili, na The Nationalist kwa Kiingereza. Hasa baada ya Azimio la Arusha la 1967, haya yalikuwa magazeti ya mrengo wa kushoto, na hayakuficha yalikoegemea. Je, msamiati wao ulimfaidi vipi msomaji?

Tuanze na sifa. Wareno waliwaita wapiganaji hao magaidi. Magazeti ya TANU yakawaita wapigania uhuru. Hili si jambo dogo, kwani anayetoa jina ndiye anayeushika usukani wa mjadala. Isitoshe, kitenzi 'komboa' tangu jadi humaanisha kulipa ili kukirejesha kilichowekwa rehani. Ukombozi basi una gharama, na maana hiyo iliwaafiki watu waliokuwa wakimwaga damu Cabo Delgado na Niassa. Naye 'beberu', yule mbuzi dume, akapewa maana ya mtawala wa kigeni anayenyonya. Kwa neno moja tu, mkulima wa Newala akaelewa siasa za dunia bila kuhudhuria mhadhara wowote.

Hata hivyo, msamiati huo ulikuwa na vyumba viwili tu: cha mkombozi na cha kibaraka. Hebu tutazame mgogoro wa FRELIMO. Rais wake, Eduardo Mondlane, aliuawa kwa bomu la kifurushi jijini Dar es Salaam tarehe 3 Februari 1969. Mwaka huo huo Lázaro Nkavandame akajisalimisha kwa Wareno. Huyo neno 'msaliti' lilimkaa sawasawa. Lakini Uria Simango, aliyekuwa makamu wa Mondlane, je? Novemba 1969 alitoa waraka wa kuwashutumu wenzake kwa mauaji na ukabila. Hakuwa amekwenda kwa Wareno. Kiswahili kilikuwa na majina yake: mkosoaji, mpinzani. Katika lugha ya vyumba viwili, majina hayo hayakuwa na pa kukaa. Simango alifukuzwa, akaja kujiunga na wapinzani wa FRELIMO mwaka wa 1974, na baada ya uhuru akauawa bila kesi ya haki. Sidai ati neno ndilo lililomuua. Nasema tu kwamba kwa kukosa jina la kati, msomaji alinyimwa nafasi ya kuuliza.

Kasoro ya pili ni ya kisarufi. Msemo wa enzi hizo, 'maeneo yaliyokombolewa', uko katika kauli ya kutendwa. Wanakijiji waliobeba risasi vichwani na kuwalisha wapiganaji wanageuka kuwa watu waliotendewa. Kiambishi '-ji-' kingewarudishia haki yao: wamejikomboa.

Somo hili ni letu pia. Kila tunapoandika kuhusu M23 nchini Kongo, tunachagua kati ya 'waasi', 'wapiganaji' na 'wakombozi', mara nyingi hata kabla ya kusikia wanakijiji wa Kivu wanawaitaje. Mhariri makini hutanguliza habari, jina likafuata. Jina likitangulia, habari hulazimika kulitumikia.