Bei Iko Wapi? Fani ya Tangazo la Simu Majengo

Tangazo la kwanza ni picha. Juu pana jina la duka kwa herufi za dhahabu, likitanguliwa na "Ets", kifupi cha Kifaransa ambacho biashara nyingi za Goma hukitundika mbele ya jina. Chini yake anacheka mwanamke ambaye hajawahi kukanyaga Goma. Sura yake ilikuja pamoja na kiolezo. Kisha Kifaransa kinaendelea: vyakula, vipodozi "et divers", bei nafuu, ubora wa uhakika, tunakuletea hadi nyumbani. Pembeni, kwa herufi ndogo kuliko zote, kuna namba ya simu inayoanza na sifuri. Mwisho kabisa: "Q. Majengo", yaani kata ya Majengo.

Tangazo la pili ni maandishi mafupi chini ya picha moja isiyorembwa:

"Fromage ya Masisi iko. Boule moja dola 5, nusu dola 3. Ni ya jana jioni. Niko mu Majengo, Goma, nyuma ya kanisa, mulango ya bulu. Kuya mbele ya saa kumi, ao uniite, nitatuma motari."

Fromage ni jibini, boule ni mviringo wake mzima, mulango ya bulu ni mlango wa bluu, na motari ni mwendesha pikipiki. Nimeyaandika yote mawili kwa umbo lake la kawaida, bila jina wala namba ya mtu, na bei ni za mfano. Mwenye simu Goma atayatambua, kwa kuwa ameyapokea mara nyingi. Nataka kuyasoma jinsi tunavyosoma shairi, neno kwa neno, fani kabla ya maudhui. Ushauri mwingi wanaopewa wenye biashara ndogo kuhusu intaneti huanzia kwenye vyombo: fungua ukurasa, lipia matangazo, tengeneza nembo. Mimi naanzia kwenye sentensi. Tangazo la pili linaweza kumtoa mtu nyumbani kwenda kununua jibini. La kwanza haliwezi, na udhaifu wake umo katika fani yake.

Tuanze na msemaji. Katika tangazo la kwanza hakuna anayesema. Duka lenyewe "linapendekeza" bidhaa kwa watu wasiotajwa, kwa sauti ya tangazo la ofisi lililobandikwa mlangoni. La pili lina nafsi mbili zinazoonekana: "niko" na "kuya". Kuna mtu aliyesimama mahali, na kuna mtu anayeitwa. Wanaozungumza Kiswahili wanaijua fani hii tangu utotoni: hodi hungoja karibu, kitendawili hungoja tega. Ni semi ambazo nusu yake imeachwa kwa mwenzako. Mwito wa sokoni ni wa ukoo huohuo, na aliyeandika kuhusu jibini ameuhamishia kwenye simu bila kuuvunja.

Tazama pia mpangilio. Neno la kitenzi linalofunga sentensi ya kwanza ni "iko". Kwa Kiswahili cha Goma hilo peke yake ni habari kamili: mali ipo, leo, hapa. Jibini hushuka kutoka malisho ya Masisi, na barabara ya Masisi haina ahadi. Kuna siku mali inafika na kuna siku haifiki. Kwa hiyo swali la kwanza la mnunuzi si ubora. Anauliza kama ipo. Swali la pili ni ngapi, la tatu ni ya lini, la nne uko wapi, la tano utakuwapo hadi saa ngapi. Soma tena tangazo hilo: majibu yamepangwa kwa utaratibu uleule ambao maswali huja mbele ya meza ya muuzaji. Muundo wake ni mazungumzo ya sokoni ambayo sauti ya mnunuzi imefutwa na majibu yakabaki. Hata "nusu dola 3" ina hekima yake. Nusu imewekwa juu kidogo ya nusu ya bei, na mnunuzi anaelewa bila kuelezwa, maana aliyekata boule ndiye anayebaki na kipande kinachokauka.

Sasa tangazo la kwanza linajibu nini? "Bei nafuu" ni neno lililovaa nguo za bei, lakini si bei. "Et divers" ni mbaya zaidi. Neno hilo lilikuwa na kazi yake lilipochorwa kwa rangi kwenye mbao za duka: mpita njia alilisoma, kisha akageuza macho na kuona kwa ndani sabuni, betri, daftari na mafuta. Divers ya ukutani ilikuwa na duka nyuma yake. Kwenye simu hakuna kitu nyuma yake. Fani iliyohamishwa kutoka ubao hadi kioo bila kufikiriwa imepoteza nusu ya maana yake njiani.

Nakaa kwenye suala la bei kwa sababu hapo ndipo mengi huharibika. Wauzaji wengi huandika kwamba bei itatolewa inbox. Nimesikia sababu zao na sizidharau. Mshindani akiiona bei atashusha yake. Taux ya dola kwa franka inabadilika, na bei iliyoandikwa asubuhi inaweza kumtia muuzaji hasara jioni. Tena Majengo watu hupatana bei, hawasomi vibandiko. Lakini mtazame aliye upande wa pili wa simu. Amenunua mega chache za intaneti zinazopaswa kumfikisha jioni. Kumwambia aandike, angoje, ajibiwe, aandike tena, ni kumtoza kabla hajanunua. Wengi hawatauliza, watapita kimya, na muuzaji atadhani tangazo halikuonekana. Kuhusu kupatana, kupatana huanza pale bei inapotajwa. Hakuna anayepunguziwa kitu kisichosemwa. Andika dola 5, na kama franka inakusumbua ongeza maneno matano: "franka kwa taux ya leo". Mshindani ataiona, ni kweli. Lakini alikwisha kuijua, maana alimtuma mtoto aje kuuliza.

Lugha nayo inadai kusomwa kwa makini. Kifaransa ni lugha rasmi ya nchi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa pamoja na Kilingala, Kikongo na Tshiluba. Anayeandika tangazo kwa Kifaransa anatafuta heshima ya shule na ofisi, na heshima hiyo ina thamani yake kwa anayeomba kazi ya kupika kwenye mkutano wa shirika. Sisemi Kifaransa kiondoke. Boule, taux na livraison tayari ni maneno ya Kiswahili cha Goma, na yanakaa vizuri katika sentensi ya mama wa soko. Kinachoua tangazo ni Kifaransa cha kiolezo, maneno ambayo hata mwandishi wake hawezi kuyatamka akiwa anauzisha.

Nimeandika "akiwa anauzisha" kwa makusudi. Siku hizi huzunguka violezo vya matangazo vya Kiswahili vilivyoandikwa Dar es Salaam au Nairobi, na vingi huanza na "Tunauza". Kwa wasemaji wengi wa Kiswahili cha Kongo, kuuza ni kununua. Anayetoa mali na kupokea fedha anauzisha. Bango linalosema "Tunauza simu" linaweza kumletea mwenye duka mtu aliyebeba simu yake kuukuu akitaka kulipwa. Kiambishi tu cha kitenzi kimegeuza biashara. Ndiyo maana nasema ushauri wa masoko ya mtandaoni hauwezi kunakiliwa kutoka mji mmoja hadi mwingine hata kama lugha inaitwa kwa jina moja.

Jina la mahali lina mtego kama huo. Kuna Majengo Mombasa, Majengo Nairobi, Majengo Moshi, Majengo Dodoma. Anayeandika "Q. Majengo" peke yake amejiandikia anwani ambayo mtambo wa kutafuta utaitafsiri vyovyote. Mwenye jibini aliandika "Majengo, Goma", kisha akaweka rejea: nyuma ya kanisa, mulango ya bulu. Katika anwani za Kongo rejea ndiyo moyo wa anwani. Namba ya nyumba husaidia wachache. Rejea hiyohiyo ndiyo inayopaswa kuwekwa kwenye maelezo ya duka katika ramani ya Google, pamoja na alama iliyobandikwa mlangoni hasa, kwa sababu motari ataifuata. Na namba ya simu isianze na sifuri. Mji huu umegusana na Gisenyi ya Rwanda, na mteja aliye ng'ambo ya mpaka akibonyeza namba ya sifuri hafiki popote. Ianze na +243. Kwenye kiungo cha wa.me iwe 243 bila alama ya kujumlisha, bila sifuri, bila nafasi.

Namba hiyo ni anwani kuliko nyumba yenyewe, na Majengo wamejifunza hilo kwa machungu. Tarehe 22 Mei 2021 mlima wa volkeno wa Nyiragongo ulilipuka, lava ikashuka hadi Buhene, kaskazini mwa mji. Siku tano baadaye gavana wa kijeshi aliamuru kata kumi za Goma zihame, na Majengo ilikuwamo. Watu walikwenda Sake, Rutshuru, Bukavu, Gisenyi. Maduka yalibaki yamefungwa na mabango yake yakiangalia barabara tupu. Ambaye wateja wake walikuwa wameihifadhi namba yake aliweza kuwaambia yuko wapi na lini atarudi. Hapa kuna jambo la kiufundi ambalo wengi hawalijui: orodha ya kutuma kwa wengi kwenye WhatsApp, yenye nafasi ya watu 256, humfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako. Tangazo la jibini lingekamilika kwa mstari mmoja zaidi: "Andika namba yangu kwa jina hili." Linakosa pia mstari wa malipo. Tangu mwishoni mwa Januari 2025, waasi wa M23 walipoingia mjini na mabenki yakafunga milango kwa miezi, pesa za simu zimebeba mzigo mkubwa. Mnunuzi anataka kujua atume kwa mtandao gani, na ni jina gani lililosajiliwa kwenye namba, asije akatuma kwa mwingine.

Nirudi kwenye picha, kwa kuwa hapo tangazo la pili limefanya jambo zuri ambalo huenda mwenyewe hakulikusudia. Jibini limepigwa picha likiwa kwenye sahani juu ya jiwe la lava. Weupe wa mviringo ule juu ya weusi wa jiwe unashika jicho kuliko dhahabu ya herufi. Lakini urembo ni sehemu ndogo ya sifa yake. Jiwe lile ni ushahidi. Kila aliyelelewa Goma ameliona chini ya ukuta wa mbao na amejikwaa juu yake. Akiliona pichani anajua mali iko hapa mjini na imepigwa picha na mtu aliye karibu nayo. Mwanamke wa kiolezo anasema kinyume chake: kwamba mwenye duka hakuwa na cha kuonyesha. Kuna pia hasara nyingine. Maneno yaliyochomwa ndani ya picha hayatafutiki kirahisi, na namba iliyomo humo haibonyezeki. Picha ibebe mali, maandishi yabebe habari.

Kasoro ya tangazo la jibini ni uhai wake mfupi. Liliwekwa kwenye status ya WhatsApp, na status hufa baada ya saa 24. Kwa samaki na jibini kifo hicho kinafaa, kwa kuwa mali nayo inapita. Fundi cherehani anayeshona vikwembe hawezi kujenga jina juu ya kitu kinachofutika kila siku. Yeye anahitaji katalogi ya WhatsApp Business, yenye kila mshono na bei yake, na baadaye ukurasa mmoja mwepesi wa tovuti unaofunguka kwa mega kidogo: anashona nini, kwa bei gani, siku ngapi, wapi, namba gani. Ukurasa mmoja unatosha. Sioni haja ya historia ya kampuni wala maono na dhamira.

Wala asiweke kila kitu kwenye mlango mmoja. Kuanzia tarehe 31 Desemba 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Kongo nzima kwa takribani wiki tatu. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika pamoja duniani kote kwa takribani saa sita. Siku hizo aliyechora namba yake ukutani kwa rangi aliendelea kupigiwa simu.

Mama, papa unayeuzisha Majengo: kabla hujaweka tangazo la leo, fungua la jana ulisome kwa sauti mbele ya jirani asiyejua una mali gani. Akiuliza "ni ngapi?", bei haimo. Iandike.