Fundo la Khanga

Mtazame muuguzi wa wodi ya njiti anapofunga khanga. Mtoto kavaa nepi, kofia na soksi tu. Anamshika kiganja kimoja nyuma ya shingo, kingine chini ya makalio, anamsimamisha katikati ya matiti ya mama, ngozi kwa ngozi. Kichwa anakilaza upande, kidevu anakiinua kidogo ili pumzi isibanwe. Miguu inakunjwa kama ya chura. Ukingo wa khanga unafika chini ya sikio, fundo linakazwa. Kisha anasema, “Simama, mama.” Mdogo wangu akasimama, mkono umekinga chini kwa hofu. “Toa mkono.” Akautoa. Mtoto hakuteremka hata kidogo.

Alikuwa na kilo 1.3, kazaliwa wiki ya 31. Mama yetu alikuja na blanketi zito, akanung’unika kuona mjukuu yu karibu uchi. Sisi watu wa mbeleko tumezoea mgongo, na mtoto mchanga tunamviringisha nguo juu ya nguo. Muuguzi akamweleza kwa upole: “Bibi, blanketi halina joto lake. Linatunza lile alilonalo mtoto, na huyu hana la kutosha.” Ndivyo ilivyo. Ngozi ya njiti ni nyembamba, mafuta hayajajengeka, hata kutetemeka hawezi. Akipoa, nguvu ya kupumua na kunyonya huishia katika kujipasha moto.

Njia hii ya kumbeba njiti ngozi kwa ngozi ilianza Bogotá, Kolombia, mwaka 1978. Daktari Edgar Rey Sanabria alikuwa na watoto wengi kuliko mashine za joto. Walilazwa zaidi ya mmoja katika mashine moja, wakaambukizana. Akawarudisha vifuani mwa mama zao. Kwa sababu hiyo wapo wanaoiita dawa ya maskini, nami nakataa kabisa. Utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika katika nchi tano, Tanzania ikiwemo kupitia Muhimbili, ulionyesha kuwa watoto wa kilo 1 hadi chini kidogo ya 1.8 waliobebwa mara baada ya kuzaliwa, bila kungoja hali itengemae, vifo vyao vilipungua kwa robo.

Kazi yenyewe ni saa. Shirika la Afya Duniani linataka angalau 8 kwa siku, hadi 24. Unakula naye, unalala umeegemea mito, mgongo unawaka, kwenda msalani ni lazima apatikane wa kumpokea. Siku ya tatu shemeji alifika kutoka kazini, akanawa mikono hadi viwiko, akafungua vifungo vya shati. Muuguzi akamfunga khanga vilevile. Mdogo wangu akasinzia papo hapo kitini.

Mama akapenyeza vidole chini ya khanga, akaushika unyayo wa mjukuu, akatulia nao kwa muda. “Una moto,” akasema. Kisha akalikunjua lile blanketi, akamfunika binti yake.