Chungu cha Ijumaa

Mwenye nyumba wangu hapa Kamembe huyasikiliza maharagwe kabla ya kuyanunua. Sokoni huchota kiganja kimoja kutoka kwenye gunia, huyatikisa karibu na sikio, huyarudisha bila kusema neno, akaenda kwa muuzaji wa pili. Mavuno mapya, anasema, yana sauti ya chini, kama mtu anayezungumza na chakula mdomoni. Ya zamani hulia kama kokoto. Kwa muda mrefu nilidhani ni mbwembwe za mteja anayetaka kupunguziwa bei. Kisha nikanunua mwenyewe kilo 2, mazuri, yanang'aa, nikayapika kutwa nzima. Makaa yaliisha, maharagwe yakabaki vilevile.

"Umenunua mawe, mwanangu," akaniambia. "Mawe hayaivi."

Baadaye nilielewa. Harage lililokaa ghalani muda mrefu, kwenye joto na unyevu, hubadilika ndani. Ile gundi inayoshikamanisha chembe zake, ambayo kwa kawaida hulegea polepole kwenye maji ya moto, huwa imekaza. Unaweza kulichemsha mpaka ganda lichanike na bado moyo wake ukakataa jino. Na mimi nilikuwa nimeongeza kosa juu ya kosa: nilitia nyanya mwanzoni, ili ladha iingie. Kilichoingia ni uchachu, na uchachu huizuia gundi hiyo isilegee.

Mahali penyewe pana masharti yake. Kamembe imekaa juu kilimani. Chini, kando ya ziwa Kivu, ndiko Cyangugu yenyewe, na ng'ambo ya mto Rusizi ni Bukavu. Kiswahili tunachosemezana jikoni kimevuka daraja la mto huo mara nyingi kuliko mimi. Uso wa ziwa uko karibu mita 1,460 juu ya bahari, na kwa kimo hicho maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi, hayangoji 100. Mpishi aliyezoea Dar es Salaam akifika hapa atafikiri amelogwa: sufuria inatokota, povu linapanda, saa zinapita, harage gumu. Ukiteremka mpaka Bugarama, kwenye tambarare ya mpunga iliyo chini kabisa ya wilaya, unajipatia nyuzi kama 2 za bure. Lakini Bugarama ndiko kwenye mawe ya chokaa yanayolisha kiwanda cha saruji cha CIMERWA, na chemchemi za maji moto ambazo huacha utando mweupe kila zinapopita. Maji yenye chokaa nyingi hukaza maharagwe kama nyanya zangu zilivyoyakaza. Mwenye nyumba wangu hana habari za nyuzi wala kalisi. Anachojua ni kwamba dada yake wa huko chini hupikia maji ya mvua, na kwamba ana sababu.

Siku za kazi hupika kama kila mtu, kwenye jiko la kubana kuni ambalo Wanyarwanda huliita canarumwe, yaani washa ukuni mmoja. Ijumaa ni habari nyingine. Yeye ni Msabato, na jua likizama nyuma ya vilima vya Bukavu hapiki tena mpaka lizame kesho yake. Chakula cha Jumamosi lazima kiwe kimemalizwa kabla, na bado kiwe cha moto watu wakitoka kanisani. Hapo ndipo mafiga matatu ya uani hurudi kazini, pamoja na chungu.

Chungu hicho kina umri mkubwa kuliko binti yake wa mwisho, naye ameshaolewa. Kilifinyangwa na Watwa, ambao ndio waliokuwa wafinyanzi wa Rwanda tangu enzi za wafalme, wakichimba udongo mabondeni. Mabonde mengi leo yamelimwa mpunga, udongo umekuwa shida kuupata, na sufuria ya alumini haivunjiki ikiangushwa na mtoto. Sina ugomvi na sufuria. Ila sufuria hupokea moto kwa pupa na kuupoteza kwa pupa. Chungu huchelewa kupata moto, na kikishaupata huchelewa kuusahau.

Maharagwe yenyewe hayafanani. Katika ungo wake utaona mekundu madogo, ya manjano, meusi, yenye madoa kama mayai ya kware, na ya zambarau yanayopoteza rangi yakiguswa na maji. Nilipoyaona mara ya kwanza nilidhani ameyafagia kutoka magunia kumi. Kumbe hivyo ndivyo wakulima wengi wa Rwanda wamepanda kwa vizazi: mchanganyiko wa mbegu katika shamba moja, ili mvua ikizidi baadhi zisimame, na ikikosekana zisimame nyingine. Wafanyabiashara hupenda rangi moja, kwa hiyo mchanganyiko unazidi kuwa chakula cha aliyelima mwenyewe. Kwenye chungu una faida ambayo hakuna aliyeniambia, niliiona tu. Aina laini hupasuka mapema na kuwa uji. Aina ngumu hubaki nzima. Mchuzi unajitengeneza wenyewe, mzito, bila unga wala karanga, na ndani yake kuna harage la kutafuna.

Wanawake wanaojua mambo haya walishaitwa mpaka kwenye utafiti. Mwishoni mwa miaka ya 1980, kituo cha kilimo cha Rubona, kusini mwa nchi, kiliwaalika wakulima waliosifika kwa ujuzi wa maharagwe waje wachague wenyewe kwenye mashamba ya majaribio. Mbegu walizochukua zilifanya vizuri nyumbani kwao mara nyingi zaidi kuliko zile ambazo wataalamu walikuwa wakichagua peke yao. Sijashangaa hata kidogo. Nimemwona huyu mmoja akitupa punje 3 kati ya mia kadhaa, na nilipoziokota sikuona kasoro mpaka aliponigeuzia upande wa pili na kunionyesha tundu la fukusi, dogo kama ncha ya sindano.

Anayaloweka Alhamisi usiku. Ijumaa asubuhi anamwaga maji yale, anaosha, anatia maji mapya, na saa saba mchana moto unawaka. Mwanzo wake ni wa vurugu. "Yatokote kwa hasira kwanza," husema, na hapo haruhusu mtu kupunguza kuni. Ana haki kuliko anavyojua: maharagwe mabichi, hasa mekundu, yana sumu inayovunjwa na mchemko wa kweli tu. Moto wa uvuguvugu hauiondoi. Unaweza hata kuizidisha makali. Wenye majiko ya umeme ya kupika polepole wameumwa matumbo kwa kutoijua hatua hii. Upole ni wa baadaye.

Baada ya kama nusu saa anavuta kuni mbili nje, na kuanzia hapo sijui nieleze vipi, kwa sababu kwa macho hakuna kinachotendeka. Anakaa kwenye kigoda akichambua dodo. Anaongea na jirani habari za bei ya sambaza. Kila baada ya muda anausogeza ukuni kwa mguu, upana wa vidole viwili, bila kuutazama. Maji yakipungua anaongeza ya moto kutoka kwenye birika, kamwe si ya baridi. Mwiko hauonekani. Mara moja niliuliza kwa nini hakorogi, akanijibu kwamba anayekoroga anatafuta kazi. Anakitikisa chungu kwa kukishika shingo na vitambaa viwili, mzunguko mmoja mfupi, kama mtu anayembembeleza mtoto aliyekwisha lala. Uso wa mchuzi wakati huo hautokoti, unapumua. Povu moja hapa, subira, jingine kule.

Saa kumi anabonyeza harage kati ya ulimi na kaakaa. Likisagika bila jino, ruhusa inatolewa: vitunguu vilivyokaangwa kwenye mawese, seleri, chumvi, nyanya chungu mbili zilizokatwa, na sasa, sasa tu, nyanya. Mpwani ndani yangu bado hulilia tui la nazi, lakini mawese yana hoja yao, na jikoni mwa mtu nimejifunza kufunga mdomo.

Kabla jua halijazama anaegesha gogo nene la mkaratusi ndani ya mafiga, analiacha lishike moto upande mmoja, kisha analifunika majivu. Chungu kinazibwa kwa jani la mgomba lililopitishwa motoni likalegea, kifuniko juu, na majivu ya moto yanasukumwa mpaka tumboni mwake. Basi. Anakwenda kuoga.

Watu wa mbali wamefika mahali hapahapa kwa njia zao. Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walipeleka vyungu vyao vya cholent kwenye tanuri la mwokaji siku ya Ijumaa, wakavichukua mchana wa Sabato. Wapuritani wa Boston, ambao siku yao ya Bwana ilianza Jumamosi jioni, waliacha maharagwe na nyama ya nguruwe kwenye tanuri, na mji ukabaki na jina la chakula hicho hadi leo. Kinachonifurahisha kwa hao wa Boston ni asali ya miwa, ile nzito nyeusi inayobaki sukari ikishatolewa. Ina uchachu, ina sukari, ina kalisi: yote yanayokaza harage. Wao waliitia makusudi, ndiyo maana maharagwe yao hukaa tanurini kutwa bila kuwa uji. Kosa langu la nyanya, mikononi mwa mtu anayejua, ni ufundi. Mwenye nyumba wangu hutumia kanuni ileile saa kumi jioni: nyanya ikiingia baada ya harage kulainika, inalishika lilipofikia, na usiku mzima wa majivu haulivunji.

Nilijaribu mara moja kuleta ufundi wa kwetu, moto juu na chini. Nilipalia makaa juu ya kifuniko cha bati kama tunavyofanya na wali, nikapata ukoko mtamu juu ya maharagwe, mkavu kidogo, wenye harufu ya karanga za kuchoma. Alionja kijiko kimoja. "Ni chakula," alisema, na katika lugha yake hiyo si sifa kubwa.

Usiku wa Ijumaa iliyopita niliamka kwenda uani. Majivu yalikuwa kimya kabisa, hata moshi hakuna, nikaingiwa na wasiwasi kwamba gogo limezimika. Nikalisukuma ndani kidogo, upana wa kiganja. Nikarudi kulala.

Jumamosi mchana, watu wakiwa bado na nguo za kanisani, chungu kilitolewa. Jani lilipofunuliwa mvuke ulitoka na harufu iliwanyamazisha watoto. Mchuzi ulikuwa mzito, rangi ya udongo wa njia ya Bugarama baada ya mvua, na mekundu madogo yalikuwa mazima yakielea katikati ya yale yaliyoyeyuka. Tuliyala na ndizi za kuchemsha. Mimi niliona hayana kasoro.

Yeye alitafuna pole, akatazama ndani ya chungu, akakwangua chini kwa ukucha wa kidole gumba na kuunusa.

"Nani aligusa gogo?"

Hakuna aliyejibu. Nikaomba ndizi nyingine.