Injini Nzima, Sauti Mbovu: Noah Iliyogonga Lyulilo

Noah ya zamani, ile ya SR40 iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1996, ina jambo moja linalowasumbua madereva wengi wa njia ya Kyela, Ipinda na Matema: injini imelala chini ya viti vya mbele. Ukinyanyua kiti unakutana na 3S-FE ya petroli, silinda nne, sisi 1,998. Kila mlio unaotoka humo hupanda kwenye sakafu na kusambaa gari zima. Bati la egzosi likilegea tu, dereva ataapa kwamba injini inavunjika. Ndivyo ilivyokuwa kwa Noah moja ya gia otomatiki iliyonunuliwa mkononi, ambayo ilikuwa imeshatolewa hukumu kabla haijafika Lyulilo, kando ya Ziwa Nyasa.

Ilikuwa ikigonga. Ko-ko-ko nzito, ya haraka, hasa ikiwa sailensa. Mafundi wawili wa huko ilikotoka walisikiliza wakakubaliana: beringi za konrodi zimekwisha, injini iangushwe. Mmoja wao aliongeza ushauri wa kumimina oili nzito ili sauti itulie wakati mwenye gari anatafuta pesa. Dereva akafuata ushauri huo, na sauti haikupungua hata kidogo. Hilo peke yake lilitosha kumfanya mtu aanze kutilia shaka, kwa sababu beringi iliyolegea ikipewa oili nzito kwa kawaida hunyamaza kidogo. Ndiyo maana madalali wanaipenda sana oili hiyo.

Jumamosi Lyulilo ni siku ya soko la vyungu. Wanawake wa Kikisi huvileta kwa mitumbwi kutoka Ikombe, na magari huja kuvichukua hapo, kwani mbele yake Milima ya Livingstone inashuka hadi majini. Noah hiyo ilikuja kubeba vyungu. Mzee mmoja fundi, anayetengeneza zaidi injini za boti kuliko magari, ndiye aliyeombwa aitazame. Namna alivyoifanya kazi ile ndiyo inayostahili kuchambuliwa.

Dereva alianza kuuigiza mlio kwa mdomo. Mzee akamkatiza: “Mwanangu, sauti nitaisikia mwenyewe. Wewe niambie inabadilika lini.”

Mlio wenyewe haumwambii fundi mengi. Pistoni iliyolegea, beringi ya konrodi, puli ya krenki iliyoachana na mpira wake na bamba lililopasuka nyuma ya injini vyote vinaweza kutoa “ko” moja. Kinachotofautiana ni tabia. Majibu ya dereva yalikuwa haya: asubuhi injini ikiwa baridi inagonga sawasawa na ikiwa ya moto, ikipanda kutoka Kyela kwenda Tukuyu na pedeli ikiwa imekanyagwa, inapungua, ukiachia pedeli inarudi, ukiwa umesimama, breki imekanyagwa, ukatoa N ukaweka D, sauti inabadilika.

Mlima huo ni kipimo ambacho gereji nyingi za mjini hazina. Uso wa ziwa uko kama mita 475 kutoka usawa wa bahari, na Tukuyu iko zaidi ya mita 1,000 juu yake. Beringi ya konrodi iliyokwisha haipendi mzigo; injini ikipata moto, oili ikawa nyepesi na gari ikavuta mlima, hapo ndipo ingelia kweli. Hii ilikuwa inafanya kinyume chake. Na konrodi haijui kama uko N au D. Kinachojua ni kilichopo kati ya krenki na giaboksi.

Kwa hiyo mzee alikuwa na mtuhumiwa kabla hajashika spana. Asingekuwa fundi makini, angekimbilia huko moja kwa moja. Yeye alianza na wengine ili awaondoe, tena kwa kufuata gharama: kisichogharimu kitu kwanza, cha kufungua mwisho.

Kwanza mwendo wa mlio. Injini ikizunguka mara 750 kwa dakika, krenki inapita mara 12 na nusu kila sekunde. Kamishafti inakwenda nusu ya hapo, mara sita hivi. Valvu zikiwa na nafasi kubwa hugonga kwa mwendo huo wa nusu, na egzosi inayovuja kwenye silinda moja pia hulia kwa nusu, maana silinda huwaka mara moja kila krenki ikizunguka mara mbili. Sikio lililozoea linatenganisha. Huu ulikuwa mwendo wa krenki, kwa hiyo valvu zikatoka kwenye orodha, na egzosi pia.

Pili, mikanda ya nje ilifunguliwa na injini ikawashwa kwa muda mfupi. Sauti ile ile. Altaneta na pampu ya usukani zikasamehewa.

Tatu, plagi. Waya moja huchomolewa, silinda ile inakosa moto, na kama konrodi yake ndiyo inayogonga, mlio hupungua au hubadilika papo hapo. Jambo hili lifanywe kwa adabu: injini izimwe kwanza, waya iliyochomolewa ifungwe plagi ya akiba iliyogusishwa kwenye chuma cha injini ili koili isiungue, na isiachwe ikinguruma muda mrefu petroli mbichi ikimwagika kwenye egzosi. Zote nne zilijaribiwa. Injini ilitetemeka kila mara, kama inavyopaswa. Mlio haukujali.

Hapa wengi wangeridhika. Mzee alitaka presha ya oili, na ndipo oili nzito ilipomkera. Geji ingesomaje ukweli wakati uji ule umejaa ndani? Aliimwaga yote, sehemu yake akaikinga kwenye beseni safi na kuigeuza juani akitafuta chembe zinazometa. Filta ikakatwa, karatasi yake ikakunjuliwa. Hakuna kitu. Ikawekwa oili ya kawaida, injini ikapashwa moto, swichi ya presha ikafunguliwa na geji ikafungwa mahali pake. Toyota inataka injini hii, ikiwa ya moto, isishuke chini ya 0.3 kwa sailensa, na iwe kati ya 2.5 na 5.0 ikiwa kwenye mizunguko 3,000, kwa kipimo cha kilo kwa sentimita ya mraba. Ilikuwa ndani ya mipaka yote miwili. Sikutegemea kuona geji hiyo ikitoka kwenye sanduku la fundi wa boti, lakini mtu anayetengeneza injini zinazofia katikati ya maji ana sababu zake za kupenda vipimo.

Bisibisi ndefu ilitumika mwisho. Ncha kwenye chuma, mpini kwenye mfupa wa sikio, mikono mbali na feni. Juu ya kava ya valvu: tiki-tiki ndogo ya kawaida. Kwenye sampu: mlio wa mbali. Kwenye ganda linalounganisha injini na giaboksi: nyundo.

Chini ya ganda hilo kuna kifuniko kidogo cha ukaguzi. Kilipotoka, kulikuwa na vumbi jekundu la kutu, laini kama unga. Si la barabarani. Ni chuma kinachosagana na chuma mahali pakavu. Krenki ikazungushwa polepole kwa spana, na tochi ikaonyesha ufa uliojipinda kuzifuata boliti za katikati za flekspleti, lile bamba jembamba linalobeba konveta na kuifunga kwenye mkia wa krenki. Gari ikivuta, kingo za ufa zinabanwa upande mmoja na kutulia, ikilegea, zinagongana. Ndiyo sababu mlima uliinyamazisha.

Siwacheki mafundi wale wawili. Mlio wa krenki, mzito, unaotoka chini, ndani ya gari ambayo sakafu yake ni ngoma: mtu yeyote angeiwazia konrodi. Nisichokikubali ni kuhukumu injini kuangushwa bila kuchomoa waya hata moja ya plagi, kazi ya dakika chache.

Iliyoshushwa ikawa giaboksi. Flekspleti ya mtumba ilitafutwa Mbeya, na kabla ya kuilipia iliningʼinizwa kwa kidole na kugongwa kwa ufunguo, kama mnunuzi wa chungu anavyogonga kwa kucha pale sokoni. Bamba zima hulia, lenye ufa hukoroma. Lakini mzee hakulifunga mara moja. Bamba hili kwa kawaida halipasuki bila kusumbuliwa, na vichwa vya boliti za ganda vilikuwa na makovu ya spana. Kuna mtu aliyekwisha kuifungua giaboksi hii zamani. Alipopapasa uso wa injini akakuta pini moja ya kuongoza haipo. Pini hizo ni mbili, ndogo, na ndizo zinazoliweka ganda katikati kabisa ya krenki. Boliti peke yake haziwezi. Ikikosekana moja, giaboksi inakaa pembeni kidogo, na bamba linapindwa na kunyooshwa kila krenki inapozunguka, maelfu ya mara kwa safari, mpaka chuma kinachoka. Bamba jipya lingepasuka vilevile. Pini ilichongwa kwa fundi wa tena, ikapigwa mahali pake, ndipo vingine vikafuata.

Asubuhi injini ikiwa baridi, ile tiki-tiki ya juu bado ipo. Dereva aliomba nayo iondolewe. Mzee akapima nafasi za valvu: za kuingiza zinatakiwa kuwa kati ya milimita 0.19 na 0.29, za kutoa 0.28 hadi 0.38, na iliyozidi ilikuwa moja tu, ya kutoa, tena kidogo. Injini hii hairekebishwi kwa bisibisi. Inataka visahani vya unene tofauti. Akamwambia aiache ilie, arudi ikianza kupoteza nguvu.