Padri Amiot na Muziki wa Wachina

Wamisionari waliokwenda Uchina zamani waliandika vitabu vingi juu ya nchi ile: juu ya wafalme wake, nyota zake, dawa zake na desturi zake. Juu ya muziki waliandika kidogo, na wengine waliandika vibaya. Walisema kwamba Wachina hawajui kupatanisha sauti, kwamba kengele na ngoma zao ni makelele tu. Maneno hayo sisi watu wa Kongo tunayafahamu vizuri, maana ngoma zetu nazo zilisemwa hivyo hivyo, tena na watu wema. Ndiyo sababu twataka kutazama hapa kitabu kimoja kilichofuata njia nyingine, cha Padri Joseph-Marie Amiot, Mjezuiti, kilichochapwa Paris mwaka 1779. Tutakisifu, lakini hatutaficha makosa yake.

Amiot alizaliwa Toulon, Ufaransa, mwaka 1718. Alifika Beijing mwaka 1751, akakaa humo hata alipokufa mwaka 1793. Alijua kupiga filimbi na klavesini, kinanda kile cha Ulaya ambacho nyuzi zake hukwanyuliwa na vijiti vidogo mtu anapobonyeza kwa vidole. Akawaza kwamba muziki utamfungulia mioyo ya wakubwa. Basi akawapigia wageni wake wenye elimu nyimbo zilizosifiwa sana Ufaransa siku zile, nyimbo za Jean-Philippe Rameau. Mmoja uliitwa "Les Sauvages", maana yake Washenzi. Kweli, kuwachagulia wenye elimu wa Beijing wimbo wenye jina hilo ni jambo la kuchekesha kidogo, lakini padri hakuwa na nia mbaya. Wageni wakasikiliza kwa adabu, nyuso zao zisibadilike hata kidogo. Alipowauliza habari, wakamjibu kwa upole kwamba nyimbo hizo hazikutungwa kwa masikio yao. Muziki wa kwao hupita sikioni ukaingia moyoni, ule wa Ulaya haukuwafikia huko.

Amiot angeweza kusema kwamba masikio yao ni mabovu. Wengi wangesema hivyo na kufunga kinanda. Yeye aliliandika jibu lao katika utangulizi wa kitabu chake, Wazungu wote walisome, kisha akaeleza jinsi alivyoanza kujifunza. Kwa maoni yetu kurasa hizo chache zinashinda zote zinazofuata.

Lakini wale wageni walizoea kusikiliza nini? Tutazame qin, chombo ambacho Wachina wenye elimu walikipenda kuliko vyote, ambacho Konfusio mwenyewe alikipiga. Ni ubao mrefu wenye uwazi ndani, unaolazwa mezani, na juu yake nyuzi saba, zamani zilikuwa za hariri. Kando ya nyuzi kuna alama 13. Mkono wa kulia hukwanyua. Mkono wa kushoto hubonyeza, hutetemesha, huteleza juu ya uzi. Uzi ulioachwa wazi una sauti nzito. Uzi uliobonyezwa una sauti kama ya mtu anayeimba. Uzi ulioguswa kidogo tu penye alama hulia kama kengele ya mbali. Tena sauti moja ikisha kukwanyuliwa, kidole cha kushoto huendelea kuivuta kwenda juu na kuirudisha, nayo inazidi kufifia, hata mwisho msikilizaji husikia msuguo wa kidole peke yake. Hapo ndipo wajuzi huinamisha kichwa. Wanafuata sauti mpaka inapokufa.

Sasa fikirini watu wa namna hiyo wameketi mbele ya klavesini. Sauti zinakuja mbio, nyingi pamoja, zote za nguvu moja, wala hakuna kidole kinachoweza kuigusa sauti ikisha kutoka. Kwao ilikuwa kama kusikia watu ishirini wakitamka maneno mazuri kwa mara moja. Rameau hakuwa fundi mbaya, hata kidogo. Lakini kile walichokuja kukisikiliza hakikuwamo.

Hata maandiko ya qin yanafuata roho hiyo. Yanamwambia mpigaji uzi gani, kidole gani, alama gani, lakini hayamwambii asimame muda gani juu ya kila sauti. Zhu Quan, mwana wa mfalme, alikusanya nyimbo za namna hiyo katika kitabu cha mwaka 1425, na kitabu hicho kipo hata leo. Anayetaka kufufua wimbo mmoja wa zamani huenda akatumia miezi, hata miaka, mpaka wimbo ukae sawa mikononi. Guan Pinghu, aliyekufa mwaka 1967, alikuwa bingwa wa kazi hiyo. Alipiga wimbo wa "Liu Shui", ndio Maji Yanayotiririka, na mwaka 1977 Wamarekani wakauweka, dakika saba na nusu hivi, katika sahani ya dhahabu waliyoipeleka mbinguni ndani ya chombo cha Voyager. Anayeweza kuupata na ausikilize usiku, nyumba ikiwa kimya. Mchana barabarani hautamfaa kitu.

Turudi kwenye kitabu. Amiot hakuvipanga vyombo kama Wazungu wanavyovipanga. Alifuata hesabu ya Wachina wenyewe, ambao huvigawa kwa kitu kinacholia: ngozi, jiwe, madini, udongo, hariri, mti, mwanzi na kibuyu. Kwa hiyo ngoma ni sauti ya ngozi, na qin ni sauti ya hariri. Mpango huo unatupendeza, kwani unamlazimisha msomaji kuwaza kama mwenye chombo. Katika kundi la kibuyu kuna sheng, mianzi 17 iliyosimikwa katika kibuyu kimoja. Ndani ya mwanzi mna ulimi mwembamba wa madini unaotetemeka kwa pumzi, mtu akipuliza au akivuta. Ulaya walikuwa wameisikia habari ya chombo hicho, naye Amiot akapeleka sheng Paris. Wataalamu wengi wanakubali kwamba Wazungu walijifunza kwake kazi ya ulimi wa namna hiyo, na baadaye Alexandre Debain wa Paris alipata hati ya serikali kwa ajili ya harmoniamu yake. Basi kile kinanda cha kupiga kwa miguu, ambacho wamisionari walituletea makanisani kuwa sauti ya Ulaya, kina pumzi ya Uchina kifuani mwake!

Sasa makosa. Sehemu kubwa ya kitabu ni hesabu ya zile sauti 12 za Wachina na urefu wa mianzi yake. Hesabu zenyewe ni za kweli na zina heshima: Zhu Zaiyu, mwana mwingine wa ukoo wa kifalme, alikuwa amekwisha kupata mwaka 1584 namna ya kuzigawa sauti 12 kwa hatua zilizo sawa. Lakini Amiot anazitumia hasa kuonyesha kwamba Wachina waliwatangulia Wagiriki na Wamisri. Yalikuwa mabishano ya Paris, si ya Beijing. Na Padri Roussier, aliyekitengeneza kitabu kwa kuchapwa, akaongeza maelezo yake mengi chini ya kurasa, akitafuta kuthibitisha mawazo yake mwenyewe. Hapo wapigaji wanatoweka. Tunaona vipimo, hatuoni mikono. Watu wa michezo ya kuigiza, waimbaji wa sokoni, mafundi wa harusi na mazishi, karibu hatuwasikii. Mtu aliyekwisha kukiri kwamba moyo ndio unaosikiliza alipaswa kutuonyesha mioyo mingi zaidi.

Mwishoni lakini yuko jambo linalotushangaza. Amiot anaeleza wimbo wa kuwaheshimu wazee waliokufa, ulioimbwa mbele ya mfalme, na ngoma, kengele na mawe yake. Mwaka 1742 Papa Benedikto XIV alikuwa amewakataza wakristu wa Uchina sherehe za namna hiyo, na Roma haikulegeza katazo ila mwaka 1939. Padri alitii, lakini aliandika wimbo ule kwa heshima, bila neno la dharau. Na shirika lake lenyewe lilikuwa limekwisha kuvunjwa mwaka 1773.

Mwaka ule ule wa 1779 alipeleka Ufaransa daftari nyingine: sala za wakristu wa Beijing, zilizotiwa katika muziki wa Kichina. Mwaka 1998 kikundi cha Jean-Christophe Frisch kilizitoa katika sahani, pamoja na wakatoliki Wachina wa Paris, na kati ya sala wakaingiza nyimbo za Padri Charles d'Ambleville, Mfaransa wa karne ya 17. Twawashukuru kwa kuziamsha sala zile, lakini mchanganyiko huo hatuusifu sana. Sauti za Kifaransa zinasimama kama mlezi aliyemshika mtoto mkono, na mtoto huyu anajua kutembea. Nasi tuliokwisha kusikia Missa Luba, iliyoimbwa Kamina mwaka 1958 chini ya Padri Guido Haazen, hatuhitaji kuambiwa kwamba Misa yaweza kusimama juu ya miguu ya nyumbani. Mwenye sahani ile ya Beijing na azipite kwanza nyimbo za d'Ambleville, azisikilize sala za Kichina mfululizo, filimbi na sheng zikifuatana na waimbaji, kisha ndipo arudie yote tangu mwanzo.