Jiji Linapochujwa

Rekodi nyingi za sauti za porini hudanganya kwa adabu. Ndege analia, maji yanatiririka, na msikilizaji haambiwi kwamba nyuma ya kichaka kuna barabara kuu, kwamba fundi aliamka saa kumi alfajiri ili ayawahi malori, kwamba maikrofoni ilivikwa manyoya ili upepo usiigeuze kuwa ngurumo tupu, wala kwamba baada ya yote hayo alirudi studio akakata kila kilichokuwa chini ya hezi 150. Kazi hiyo ikifanywa vizuri haisikiki. Labda ndiyo maana uhakiki huipita kimya: tumezoea kuhakiki kilichoandikwa, si kilichofutwa.

Hildegard Westerkamp aliuweka ufutaji huo mbele ya hadhira. Mtunzi huyu alizaliwa Osnabrück, Ujerumani, mwaka 1946, akahamia Kanada mwaka 1968, na katika miaka ya 1970 akafanya kazi na R. Murray Schafer katika Chuo Kikuu cha Simon Fraser, kwenye mradi uliochunguza sauti za mazingira. Mwishoni mwa muongo huo alikuwa na kipindi katika redio ya ushirika ya Vancouver, kipindi kilichowatembeza wasikilizaji mjini kwa masikio. Kits Beach Soundwalk, utungo wa mwaka 1989, umechipuka kutoka humo. Una takriban dakika kumi: asubuhi ya Januari katika ufuko wa Kitsilano, na sauti ya mwanamke ikizungumza juu ya sauti za ufuko.

Ukiusikiliza juujuu utadhani una sauti mbili tu, ufuko na msimulizi. Msimulizi anaanza kama mtangazaji mwaminifu. Anasema yuko wapi, hali ya hewa ikoje, bata wanavyoelea. Kisha anatuelekeza kwenye milio midogo iliyo mbele kabisa: viumbe wa gamba wanaoganda kwenye miamba, jamii ya wale wanaokwanguliwa kwenye matumbo ya mashua zetu, ambao maji yakiwapitia hutatarika na kufyonza. Nyuma yao Vancouver inavuma.

Ipo sauti ya tatu, nayo ndiyo hasa mhusika mkuu: mkono ulioshika kitufe. Mkono huu hausemi neno. Hupandisha na kushusha. Msimulizi anatuambia kwamba angeweza kutushtua au kutuhadaa kwa kudai kuwa mahali hapa pana kelele kiasi hiki, na papo hapo bahari na jiji vinapanda. Kisha anasema la, ilivyo ni hivi, na vinashuka. Kwa tendo hilo dogo, imani tuliyompa mtangazaji inavunjika. Tangu hapo hatuwezi kujua ilivyo ni ipi, maana hata kiwango cha pili tumechaguliwa na mkono uleule. Katika riwaya tungemwita msimulizi asiyeaminika, ila wa riwaya huficha. Huyu anatuonyesha uwezo wake wa kudanganya kabla hatujamshuku.

Sikiliza pia sauti yake mwenyewe. Anatumia wakati uliopo, anadai yuko ufukweni, lakini sauti ni kavu na ya karibu, haina upepo, na bahari inapopandishwa yeye hapandi nayo. Kwa hiyo anaposema, kwa kejeli ya upole, kwamba bahati nzuri vichujio na ikwalaiza vipo, kwamba tunaweza kwenda studio tukaliondoa jiji na kujifanya tuko mbali sana, sikio makini linajua kwamba hakuna safari. Tulikuwa studio tangu neno la kwanza.

Na jiji linaondoka. Linaondoka kwa urahisi unaostaajabisha, na hapa msikilizaji anayejua kidogo kazi ya mitambo anapaswa kuuliza kwa nini. Mvumo wa magari hukaa zaidi katika masafa ya chini na hauna mwanzo wala mwisho. Milio ya wale viumbe wa gamba ni mifupi, mikali, ya masafa ya juu. Kati ya viwili hivyo pana nafasi, na kichujio hupita katika nafasi hiyo. Tena maikrofoni iko karibu sana na mwamba: kila ukiupunguza umbali kwa nusu, sauti ya kile unachokirekodi hupanda kwa takriban desibeli 6, ilhali mvumo wa mbali unabaki palepale. Mafundi wa porini huitegemea kanuni hii kuliko programu yoyote ya kompyuta. Mwingereza Chris Watson aliwahi kuficha maikrofoni ndogo ndani ya mzoga wa pundamilia nchini Kenya ili awanase tai wakila. Hakuna mvumo wa barabara unaoweza kushindana na mdomo wa tai ulio hapo hapo.

Kwa hiyo uteuzi wa kiumbe ni uamuzi wa fani. Mtunzi angekwenda kwa tembo, ambaye mngurumo wake wa kuwasiliana na wenzake hushuka hata chini ya hezi 20, hoja yake ingekwama: tembo na lori wanakaa chumba kimoja, na kichujio kinachomfukuza mmoja kinamfukuza na mwenzake. Kichujio hakijui ndege wala injini, kinajua masafa tu. Westerkamp amechagua viumbe ambao teknolojia inawapendelea, kisha akaujenga utungo mzima juu ya upendeleo huo bila kuutaja. Silihesabu hili kuwa kosa, ila ni vyema tujue kwamba asili inayobaki baada ya kuchujwa ni ile tu iliyokuwa na masafa yake peke yake.

Jiji likishaondoka, utungo unageuka kuwa ndoto. Msimulizi anasimulia ndoto zake, na zote zimejaa milio ya aina ileile: wanawake wa kijiji cha kale milimani wakifuma kitambaa cha hariri, familia ya vizazi vinne mezani ikila na kuongea. Sehemu hii ni ndefu, na kwa maoni yangu familia ile mezani imepewa orodha ndefu ya vitenzi kuliko inavyoweza kubeba. Orodha inaufurahisha mdomo wa msimulizi zaidi ya inavyosogeza kazi. Lakini ipo ndoto moja inayostahili kusikilizwa tena na tena. Mwanamume mwenye bunduki anamfukuza, risasi zinarukaruka kumzunguka, anaogopa. Na risasi zinalia vijilio vidogo vya chuma, vya kupendeza.

Wengi huisikia ndoto hii kama ushindi wa mawazo juu ya woga. Mimi nasikia kichujio bado kinafanya kazi. Kinachotisha katika mlio wa bunduki ni kishindo, na kishindo kinakaa chini, katika masafa yaleyale ambayo jiji limeondolewa nayo. Risasi iliyopokonywa kishindo inabaki ushanga. Bila kusema lolote kuhusu mitambo, mtunzi ameiingiza ikwalaiza ndani ya usingizi wa msimulizi, na ukatili ukapunguzwa kwa namna ileile trafiki ilivyopunguzwa. Ndipo inaponijia hofu ambayo sina hakika kama mtunzi aliikusudia: kwamba urembo huu wote wa vijilio unaweza kuwa urembo wa kutosikia.

Baadaye anachanganya humo kipande cha Iannis Xenakis, Concret PH cha mwaka 1958, kilichotengenezwa kwa sauti za mkaa unaowaka. Msomaji aliyewahi kukaa karibu na jiko la mkaa anaijua mipasuko hiyo. Hapa viumbe wa bahari na mkaa vinakutana bila mshono, na ni vigumu kusema wapi ufuko umeishia na wapi studio ya mtu mwingine imeanza. Hapo mtunzi yuko katika kilele chake. Mozart anayefuata hanipendezi kiasi hicho. Amekuja kwa sababu anameremeta, basi.

Ukitaka kuona ujasiri wa fani ya utungo huu, iweke kando ya Ol-Olool-O, kipande cha kwanza katika albamu ya Watson ya mwaka 2003, Weather Report. Ni saa 14 za siku moja katika Maasai Mara, Oktoba 2002, zilizoshonwa kuwa dakika 18. Ni kazi nzuri mno. Mshono wake hauonekani hata ukiutafuta, na saa 13 na ushei zilizokatwa hazidai chochote. Watson anapunguza kelele kwa kukata wakati, na mkasi ameuficha. Westerkamp anapunguza kwa kukata masafa, na mkasi ameuweka mezani. Kwa uzuri wa kusikiliza nitarudi kwa Watson mara nyingi zaidi. Kwa kufundisha sikio, nitamchukua Westerkamp.

Mwishoni jiji linarejeshwa. Msimulizi anaeleza kwamba akipata nafasi ya kusikia milio midogo kama hii, au hata kuiota, anapata nguvu ya kulikabili jiji tena, hata kucheza nalo, na analiita zimwi. Neno hilo ndilo linalonikwaza. Katika dakika zote hizo viumbe wa gamba wamepewa vitenzi, ndoto, hariri na Mozart. Jiji limepewa mvumo mmoja na tusi moja. Hakuna dereva ndani yake, hakuna feri, hakuna mtu anayekwenda kazini asubuhi ya Januari. Hii ni desturi ya shule ya Schafer, iliyopenda kugawa mandhari za sauti kuwa safi na chafu, na utungo huu, ambao umevunja mazoea mengi ya kurekodi, umeliacha hilo lisimame.

Tena mpaka wenyewe si safi hivyo. Mwaka 2004 mtafiti Henrik Brumm alionyesha kwamba ndege waimbaji wa Berlin walio mahali penye kelele huimba kwa nguvu zaidi, tofauti ikifika hadi desibeli 14. Mrekodi ndege kama huyo, uyachuje magari yote, utapata wimbo usio na barabara lakini uliopazwa kwa ajili ya barabara. Mkono wa Westerkamp ungeweza kuushusha mvumo wote wa Berlin. Usingeweza kuishusha ile nguvu iliyo kooni mwa ndege, kwa kuwa hiyo haiko katika masafa ya magari. Viumbe wa Kitsilano hawapazi sauti kwa sababu ya mtu yeyote, na ndiyo maana kwao jiji liliweza kuondoka na kurudi bila kuacha alama.